Nyumba Mbele, Nyumba Mbili

Baba yangu alikuwa mtu wa kumwamini kila aliyemwamkia, na hiyo ndiyo sababu alituachia matatizo mahali pa mali. Alipompangishia mtu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, nyumba yetu ya Rumonge, ile inayotazama njia ya kushukia ziwani, hakuona haja ya karatasi. Aliyetaka karatasi ni mpangaji. Baba alisema watu wa Uvira hata salamu hupenda kuandikiwa, wasije wakaambiwa kesho kwamba hawakusalimiwa. Basi akaitwa mwalimu wa chuo chetu cha Kurani, mtu pekee mtaani mwetu aliyekuwa na wino.

Sharti nieleze mapema, maana kisa chote kimesimama hapo: uani mwetu mlikuwa na nyumba mbili. Ya mbele ilikuwa kubwa, yenye baraza, na ndiyo aliyoipangisha baba kwa miaka kumi. Ya nyuma ilikuwa ndogo, ya udongo, imeegemea michikichi kama mgonjwa, na humo tuliishi sisi. Humo nilizaliwa. Mwalimu alikuwa mtu mwema lakini bahili wa wino, kwa kuwa wino ulitoka Ujiji na Ujiji haikuwa jirani. Mahali ambapo wewe na mimi tungeandika "nyumba ya mbele," yeye aliandika "nyumba mbele," akaiweka akiba ile "ya" kwa matumizi mengine. Aliandika kwa herufi za Kiarabu, kama sote tulivyoandika siku zile, na katika herufi hizo e na i zilitumia alama moja, o na u nazo zikatumia alama moja. Mwenye habari alisoma bila shida. Asiye na habari aliona "mbele" au "mbili," kwa kadiri Mungu alivyomjalia.

Kwa miaka mitatu hakuna aliyepata shida, kwa sababu hakuna aliyeisoma. Karatasi ilikaa katika kopo la bati juu ya kenchi, mpangaji akakaa mbele, sisi tukakaa nyuma. Kisha baba akafa. Mwaka uliofuata mwalimu naye akafa, akaenda kaburini na ile "ya" yake. Tukabaki wawili, mama na mimi, na kwa kuwa ndugu za baba walikuwa Ujiji, mbali kiasi cha kutosha, nyumba zilibaki mikononi mwetu bila shangazi wala ami wa kutushauri. Nilidhani hiyo ni bahati.

Mpangaji wetu alikuwa mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, aliowanunua kwa wavuvi, akawakausha na kuwapeleka milimani mpaka Bugarama. Alikuwa mtu wa adabu. Nasema hivyo bila kejeli, na naomba msomaji ashukuru, maana hatanisikia tena nikisema hivyo. Siku moja asubuhi alikuja mlangoni kwetu, amevua kofia.

"Amahoro, dada. Minataka tuongeze maneno kidogo mu ile karatasi ya marehemu."

"Maneno gani?"

"Ruhusa ya kuanika ndagala hapa mu lupango, katikati ya manyumba. Kule kwenye mucanga ya ziwa, kunguru banakula nusu, na batu banakula nusu ingine."

"Na wewe unabaki na nini?"

"Harufu, dada."

Nilicheka, na kucheka ndiko kuliniponza. Mama, aliyekuwa amelala kwenye mkeka wake ndani, alisema kwa sauti kwamba ndagala wakianikwa uani naye atapata cha kuonja. Mama alikuwa Murundi wa Gatete, na mtu wa Gatete ukimwahidi ndagala atakusamehe hata deni la damu. Kifua kilikuwa kimekwisha kumlaza. Alikuwa akitoka nje kwa haja tu, tena nikimshika. Nikamwambia mpangaji sawa, tutaongeza mstari mmoja. Mstari mmoja tu! Ndivyo nilivyosema, kama mtu anayesema ataonja pombe kidogo tu.

Zamani za baba, mstari huo ungeandikwa pembeni mwa karatasi ileile, mashahidi wawili wakanywa kahawa, mambo yakaisha. Lakini sasa palikuwa na Wadachi, ndio Wajerumani. Wadachi walikuwa wametupatia amani, kodi ya kichwa, viboko kwa hesabu maalumu, na wakati huo walikuwa wameamua kutupatia pia herufi mpya, zile za kizungu. Ikatangazwa kwamba karatasi yoyote ya nyumba au shamba isiyoandikwa kwa herufi hizo na kupigwa muhuri ni karatasi ya kufungia karanga. Karani wa serikali angekuja Rumonge kwa mashua, akae wiki kadhaa barazani karibu na bandari, atuandikie.

Karani akaja. Alikuwa kijana wa pwani, amesomeshwa huko katika shule ya serikali, amevaa koti lenye vifungo vingi kuliko joto letu lilivyoruhusu. Kiswahili chetu kilimuuma meno. Mtu akimwambia "mutoto yangu iko mugonjwa," alifumba macho, akangoja maumivu yapite, kisha akamsahihisha kwanza ndipo amwandikie. Watu walitoka mezani kwake wamejifunza ngeli lakini wamesahau walichofuata.

Tulipofika, mpangaji na mimi, nikamtolea karatasi ya baba kutoka katika kopo lake. Akaishika kwa ncha za vidole.

"Mnataka nini?"

"Tuongeze mstari mmoja," nikasema. "Mpangaji aruhusiwe kuanika ndagala uani."

"Dagaa," akanisahihisha. "Na nyongeza haiwekwi juu ya karatasi ya kienyeji. Mkataba wote utanakiliwa upya kwa herufi za serikali, kisha nyongeza iwekwe chini, kisha muhuri."

Akaanza kunakili. Herufi za Kiarabu alizisoma mara ya mwisho, nadhani, akiwa na umri wa kuchapwa na mwalimu, na uso wake ulionyesha kwamba bado anamkumbuka mwalimu huyo. Alikunja kipaji, akageuza karatasi, akairudisha. Lakini kuuliza hakuuliza. Mtu wa vifungo vingi namna ile angemuulizaje mwanamke wa Rumonge neno hili linasomwaje? Alipomaliza akatusomea mstari wa dagaa peke yake, polepole, kwa fahari.

"Na hayo mengine?" nikauliza.

"Hayo mlikwisha kukubaliana zamani. Mnachobadili ni hiki."

Nikaona maneno yana akili. Herufi mpya mimi sikuzijua. Nilijua zile za chuoni tu, na kwa hizo nikatia sahihi yangu chini. Mpangaji akatia alama ya kidole. Karani akapiga muhuri wenye ndege aliyetanua mabawa. Nikarudi nyumbani nimejaa maringo kama niliyepewa huyo ndege mwenyewe, nikamwambia mama kwamba sasa mambo yetu yako serikalini, hayawezi kuharibika.

Wiki mbili baadaye nilimkuta mpangaji nje ya dirisha letu, ameshika kamba, anapima ukuta.

"Unapima nini, kaka?"

"Murakoze, dada," akasema, kama mtu anayeshukuru chakula. "Nilitaka kuuliza, ni lini mutatoa vitu vyenu mu nyumba ya pili?"

Alikuwa amempata mtu mmoja aliyejua herufi mpya, akasomewa karatasi yake tangu juu hadi chini. Na juu, palepale mwanzo, palisema kwamba marehemu baba yangu amempangishia "nyumba mbili" kwa miaka kumi. Nikamwambia anajua vizuri alichopewa na baba. Hakukana. Mpaka leo siwezi kumsamehe kwa kutokukana, mwongo ningemwelewa.

"Minajua baba alinipa moja," akasema. "Lakini karatasi ya serikali inasema mbili. Na mimi ni nani, dada, nibishane na serikali?"

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mama yangu, ambaye hakuweza kufika kisimani, alitakiwa kuhama nyumba aliyoolewa ndani yake ili ndagala wapate stoo. Wajomba zangu wa Gatete walikuwa wamekwisha kufa wote. Ujiji ni safari ya mashua ya siku kadhaa, na mgonjwa wa kifua huwezi kumlaza juu ya maji. Hatukuwa na mahali. Nililia siku ile, kwa hasira zaidi ya huzuni, na mama akaniambia kutoka mkekani ninyamaze, eti ndagala wenyewe hawalii na wao ndio waliokufa.

Nikamwendea karani kabla hajaondoka. Nikamweleza: neno ni "mbele," si "mbili." Akatoa karatasi ya zamani, aliyokuwa amebaki nayo, akaitazama, nikaona kabisa jinsi damu ilivyompanda shingoni. Alijua. Kisha akafunga kifungo kimoja kilichokuwa wazi.

"Nimenakili kilichoandikwa."

"Kimeandikwa na mtu aliyejua nyumba yetu. Wewe huijui."

"Mwiteni basi aseme."

"Amekufa."

"Pole," akasema, na uso ukamng'aa. "Kuurekebisha mkataba kunahitaji pande zote mbili zikubali. Mpangaji anakubali?"

Mpangaji, aliyekuwa amenifuata kwa adabu zake zote, alisema hapana. Nikajifunza hivyo kwamba kukosea kulihitaji mtu mmoja, na kusahihisha kulihitaji watatu. Karani akaniambia kama sijaridhika ningoje bwana mkubwa, Mdachi mwenyewe, ambaye angepita kukagua mambo ya pwani ya ziwa hadi Nyanza ya huko kusini kwetu. Nikangoja. Mpangaji naye akangoja, akianika ndagala wake uani kwa ruhusa yangu, mpaka mama akawa anakohoa harufu yao.

Bwana mkubwa alikuja na kiti chake, mwavuli wake, na Kiswahili chake cha amri, kile cha lete, peleka, kesho, sitaki. Masharubu yalikuwa mengi, kope nazo zilikuwa nyeupe na ndefu, kitu ambacho sote tulikitazama kuliko tulivyosikiliza. Watu walijaa kusikiliza kesi, kwa kuwa Rumonge hakukuwa na burudani nyingine. Karani akasoma mkataba. Mpangaji akasema yeye ni mtu mdogo anayefuata karatasi. Nikaulizwa nina neno gani.

Nikaomba kipande cha karatasi na wino. Nikaandika mstari mmoja kwa herufi za chuoni, nikampa karani.

"Soma kwa sauti, tafadhali."

Akatazama. "Bwana mkubwa ana... kope."

"Una hakika ni kope?"

"Ndiyo."

"Si kupe? Herufi ni zilezile, hazitofautiani hata nukta. Inaweza kuwa nimeandika kwamba bwana mkubwa ana kupe, kama ng'ombe."

Waliokuwepo wakaziba midomo kwa viganja, wakitaka kucheka na wakiogopa kiboko. Jasho likamtoka karani mpaka kwenye vifungo.

"Ni kope," akasema. "Nimemtazama bwana. Kope anazo. Kupe hana."

"Ahsante. Basi hivyo ndivyo herufi hizi zinavyosomwa: unamtazama kwanza anayetajwa, ndipo unasoma. Nawe kabla ya kuandika 'nyumba mbili' ungetembea hatua mia ukaitazama hiyo ya pili, ungemkuta mama yangu amelala ndani yake."

Bwana mkubwa akauliza kupe ni nini. Akaonyeshwa kwa vidole, mdudu, ng'ombe, damu. Kwa kitambo hatukujua kama nitachapwa au vipi. Kisha akacheka mpaka kiti kikalia, na watu wote wakacheka kwa kupewa ruhusa, hata mpangaji. Karani peke yake ndiye aliyebaki na heshima yake. Mimi nikajiona nimeshinda. Nakumbuka kabisa utamu wake, nilisimama pale nikafikiri: mwanamke wa Rumonge, kwa o na u tu, amewashinda Wadachi.

"Maneno yako kweli," akasema bwana mkubwa, akifuta macho. "Mwanamke akili. Lakini muhuri iko."

"Muhuri ufutwe, bwana."

"Hapana futa. Muhuri ya serikali hapana futa. Ongeza, ndiyo."

Kwa hiyo tukaongeza. Serikali ile haikuweza kukosea, lakini iliweza kuendelea. Akafikiri, akatazama ziwa, akapata huruma, na huruma yake akaiamuru iandikwe: mpangaji ana nyumba mbili kama karatasi inavyosema, ila, kwa kuwa mama mzee ni mgonjwa, atakaa katika nyumba ya pili, yeye na bintiye, maadamu yu hai. Akifa, nyumba ya pili itakabidhiwa kwa mpangaji mpaka miaka ikome. Karani akaandika, safari hii kwa makini sana, akanisomea kila neno, kila silabi. Ndege akapigwa kwa mara ya pili. Watu wakanipa mkono kwa hukumu nzuri.

Nikarudi nyumbani kumweleza mama kwamba amekuwa kifungu cha mkataba.

Tangu siku hiyo hakuna mgonjwa ufukweni kote aliyejuliwa hali kama mama yangu. Kila asubuhi mpangaji alisimama mlangoni. "Bibi ameamka namna gani?" Nikimwambia ameamka vizuri, alisema Mungu ashukuriwe, kwa sauti ya mtu aliyepigiwa hesabu vibaya. Mvua zikija, kikohozi kikampanda, mpangaji alikuja mara mbili kwa siku. Siku moja alimletea mchuzi wa ndagala uliopikwa na mkewe, na mama akauacha mpaka ukapoa. Akaniambia hauogopi, ila hataki kumtia mtu matumaini.

Mwanzoni tulicheka. Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa hodari wa kucheka, mtu akipita akimuuliza hali, alijibu, "Niko mu kazi. Ninashikilia nyumba." Lakini mwaka ukapita, ukapita wa pili, na kifua hakikujua kwamba kinatakiwa kungoja. Akakonda mpaka nikawa nambeba kama mzigo wa kuni. Watu wengine wakifika pale hupumzika. Watoto wao huwasomea Yasini, huwaambia nendeni salama. Mimi sikumwambia hivyo. Nilimwamsha anywe uji. Nilimwamsha akiwa amelala usingizi mzuri, kwa hofu, nione kama macho yanafunguka. Alikuwa akiyafungua kwa shida, akinitazama, na mara moja, asubuhi, alisema kwa Kirundi chake cha Gatete ambacho alikitumia tu akiwa amechoka kupita Kiswahili:

"Ndarushe, mwana wanje." Kisha kwa Kiswahili, ili nisijifanye sikusikia: "Nimechoka, mwanangu. Lakini mimi nikienda, wewe utalala wapi?"

Nikamletea uji. Akaunywa wote. Hakuwa na njaa. Alikuwa anafanya kazi.

Kisha vita vya wazungu vikafika ziwani kwetu. Wadachi, ambao hawakuweza kufuta muhuri, walifutika wenyewe kwa siku chache, wakaondoka kwa njia ya mashariki na masanduku yao, na Wabelgiji wakaja kutoka ng'ambo. Jambo la kwanza tuliloambiwa mkutanoni kando ya ziwa ni kwamba karatasi zote zenye ndege hazina kazi tena. Mwenye mapatano aende akapatane upya mbele ya mashahidi waliojua mambo tangu mwanzo. Mpangaji alikuwa pale. Nilimtazama, akatazama maji. Jioni ileile alianza kuteremsha vichanja vyake vya ndagala, kimyakimya, kwa adabu.

Lakini mimi sikungoja jioni. Nilikimbia kutoka mkutanoni, mwanamke mzima, kanga mkononi, nikaingia ndani kwa mama nikipiga kelele.

"Mama! Karatasi imekufa!"

Akageuza kichwa polepole. "Imekufa kweli?"

"Kweli. Wote wamesikia. Hakuna nyumba ya pili tena, hakuna kifungu, hakuna chochote."

"Kwa hiyo nyumba ni yako."

"Ni yetu, mama."

"Ni yako," akanisahihisha. Akaomba nimsaidie kulalia ubavu wa kulia, akauliza kama ni kweli mara nyingine tena, nami nikamwapia. Nilikuwa na furaha sana siku ile. Nilimpikia uji, nikautia sukari niliyoazima.

Hakuunywa. Alisema ataunywa kesho, akanishika mkono na kuniambia nimefanya vizuri, na kabla ya adhuhuri ya siku ya pili alikuwa amekwisha kuondoka. Majirani waliniambia ni kudra ya Mungu, na ni kweli. Lakini habari ile mimi ndiye niliyeipeleka mbio, na tangu siku hiyo sijaacha kufikiri kwamba ningetembea taratibu, au ningenyamaza tu, ningekuwa naye hata mvua moja zaidi.